KIFUA KIKUU: KIKOHOZI CHA MAJUMA MAWILI TUSIKINYAMAZIE



Tuanze na jambo ambalo wengi wetu tumeliona. Ni siku ya Jumuiya Ndogo Ndogo. Tumekusanyika nyumbani kwa mmoja wetu, watu ishirini na zaidi katika chumba kimoja, dirisha limefungwa kwa sababu ya mbu. Tunasali, tunaimba, tunasoma Injili. Pembeni ameketi ndugu yetu anayekohoa. Juma lililopita alikuwa anakohoa, na juma la kabla ya hilo vile vile. Sote tumemsikia, lakini hakuna aliyemwuliza. Wengine wanaona haya. Wengine wameanza kunong'ona kwamba amerogwa, au kwamba "ana ule ugonjwa". Naye mwenyewe ananunua dawa ya maji ya kikohozi dukani, chupa baada ya chupa, na kila mwezi suruali inazidi kumpwaya.

Mwezi huu tuzungumze juu ya kikohozi hicho. Kunyamaza kwetu kunaweza kumgharimu ndugu huyo uhai wake, na kunaweza kuwagharimu pia watoto walioketi mkekani mbele yake.

KIFUA KIKUU NI NINI?

Kifua kikuu, au T.B. kama wengi tunavyokiita, ni ugonjwa unaoletwa na vijidudu vidogo sana vyenye umbo la vijiti, ambavyo haviwezi kuonekana kwa macho matupu. Aliyevigundua ni daktari Mjerumani, Robert Koch, ambaye aliwatangazia wenzake habari hiyo mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Ndiyo sababu kila mwaka tarehe 24 Machi huadhimishwa kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Basi, jambo la kwanza la kushika ni hili: kifua kikuu hakitokani na uchawi, laana, wala kuvunja mwiko. Wala si ugonjwa wa kurithi. Ikiwa baba, mtoto na mjukuu wameugua katika nyumba moja, si kwa sababu ya damu ya ukoo, bali kwa sababu wamelala chini ya paa moja na kuvuta hewa moja.

Mara nyingi vijidudu hivi hushambulia mapafu. Lakini vinaweza kushambulia pia tezi za shingoni, mifupa ya mgongo, utando wa ubongo, tumbo na sehemu nyingine za mwili. Kwa kawaida kinachoambukiza watu wengine ni kile cha mapafu na cha koo.

KINAENEZWA NAMNA GANI?

Mgonjwa wa kifua kikuu cha mapafu ambaye hajaanza dawa anapokohoa, kupiga chafya, kuimba au hata kuzungumza, hutoa matone madogo mno yenye vijidudu. Matone hayo huelea hewani kwa muda mrefu katika chumba kisichopitisha hewa, na mtu mwingine huyavuta anapopumua. Mahali penye hewa nyingi na jua, vijidudu hutawanyika na kufa.

Kifua kikuu hakiambukizwi kwa kupeana mkono wa amani kanisani, kwa kula sahani moja, kwa kunywa kikombe kimoja, wala kwa kuvaa nguo za mgonjwa. Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu ziko familia zinazomtengea mgonjwa sahani na kijiko, halafu usiku zinalala naye katika chumba kisicho na dirisha. Hapo tumefunga mlango mdogo, na mlango mkubwa tumeuacha wazi.

Iko pia njia nyingine ambayo sisi wa mikoa ya wafugaji tunapaswa kuijua. Ng'ombe nao huugua kifua kikuu cha aina yao, na kinaweza kumwingia binadamu kwa njia ya maziwa mabichi. Maziwa yachemshwe kabla ya kunywewa au kugandishwa, hata kama ng'ombe anaonekana kuwa na afya njema.

JE, KILA ALIYEAMBUKIZWA HUUGUA?

Hapana. Inakadiriwa kwamba robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa vijidudu hivi. Lakini katika kila watu 100 walioambukizwa, ni kati ya 5 na 10 tu watakaougua katika maisha yao. Kwa wengine mwili huvifunga vijidudu vikabaki vimelala, na watu hao hawamwambukizi mtu yeyote.

Vijidudu huamka pale mwili unapodhoofika. Walio katika hatari kubwa zaidi ni watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, watoto wadogo, wazee, wenye kisukari, wanaokula chakula duni, walevi na wavuta sigara. Wengine ni wachimbaji wa madini, kwa maana vumbi la mawe huharibu mapafu, na watu wanaoishi kwa msongamano, kama vile mahabusu, wafungwa na wakazi wa makambi ya uvuvi.

Hapa kwetu tuna mambo hayo karibu yote. Tuna visiwa na makambi ya dagaa. Tuna machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Tuna njia panda ya Usagara, ambapo barabara ya Shinyanga na ile ya Sengerema na Geita huachana, na mabasi, malori na abiria hupita usiku na mchana. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, watu huvuka ziwa kwa dakika chache tu. Ni neema kubwa, na mgonjwa wa ng'ambo sasa hufika hospitali bila kungoja kivuko. Lakini watu wanaposafiri, maradhi nayo husafiri.

Tusifiche habari za UKIMWI. Mwaka 1983 waliogunduliwa kuwa na kifua kikuu Tanzania nzima walikuwa kama 12,000. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa wamezidi 60,000 kwa mwaka, na sababu kubwa ya ongezeko hilo ilikuwa virusi vya UKIMWI. Kwa hiyo kila mgonjwa wa kifua kikuu hushauriwa kupima virusi hivyo. Walakini si kila mwenye kifua kikuu ana virusi vya UKIMWI, na si haki kumhukumu mtu kwa sababu ya kikohozi chake. Hata yule aliye navyo, kifua kikuu chake hupona kwa dawa zile zile, na atapewa pia dawa za kupunguza makali ya virusi.

DALILI ZAKE

Mtu mwenye mojawapo ya dalili hizi asikae nyumbani:
- Kikohozi cha majuma mawili au zaidi. Anayeishi na virusi vya UKIMWI asingoje majuma mawili. Kikohozi cha siku yoyote kinatosha kumpeleka kupima.
- Homa za jioni zinazokuja na kuondoka.
- Kutokwa na jasho jingi usiku hata kulowanisha shuka.
- Kukonda na kukosa hamu ya chakula.
- Maumivu ya kifua au kukohoa makohozi yenye damu.

Si lazima dalili zote ziwepo. Wengi husubiri mpaka waone damu, na wakati huo mapafu yamekwisha kuharibika sana. Wengine hutibiwa malaria mara tatu, mara nne, kwa sababu ya homa ile ya jioni. Ukiwa umetibiwa malaria na homa ikarudi, na kikohozi kipo, omba upimwe makohozi.

KUPIMA NI BURE

Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali na katika hospitali za mashirika ya dini. Kwa upande wetu zipo hospitali za serikali kama Sekou Toure na zile za wilaya, na zipo za Kanisa kama Bugando, Sengerema na Sumve. Ukiwa mbali na hospitali, anzia zahanati iliyo karibu nawe. Watakuelekeza au watayapeleka makohozi yako mahali pa kupimia.

Kinachotakiwa ni makohozi yanayotoka ndani ya kifua, si mate. Mgonjwa asimame nje penye hewa, mbali na watu, avute pumzi ndefu mara mbili tatu, akohoe kwa nguvu, kisha atemee ndani ya kikopo alichopewa na kukifunga vizuri. Zamani tulitegemea hadubini peke yake. Siku hizi ziko mashine zinazoweza kutambua vijidudu kwa muda wa saa mbili hivi, na kuonyesha pia kama ni vijidudu vinavyokaidi dawa kubwa ya ugonjwa huu. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, hata panya buku wamefundishwa kunusa makohozi na kutambua yaliyo na vijidudu. Mungu ameweka msaada hata pale tusipoutazamia.

DAWA NI MIEZI SITA, SI MIEZI MIWILI

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, kwa hiyo tunaomba msome kwa makini.

Matibabu ya kawaida huchukua miezi sita. Katika miezi miwili ya kwanza mgonjwa humeza dawa za aina nne zilizounganishwa katika vidonge: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Katika miezi minne inayofuata humeza mbili kati ya hizo, yaani rifampisini na isoniazidi. Vidonge humezwa kila siku.

Baada ya majuma mawili hivi ya kumeza dawa vizuri, kwa kawaida uwezo wa mgonjwa kuambukiza wengine huwa umepungua sana. Baada ya mwezi mmoja au miwili homa imekoma, chakula kinaingia, mwili umerudi. Hapo shetani wa uvivu hunong'ona: "Umepona, ya nini vidonge?" Lakini ndani ya mapafu bado vimejificha vijidudu vigumu vinavyokufa polepole. Ukiacha dawa, hivyo ndivyo vinavyozaana upya, na safari hii vinaweza kuwa vimejifunza kuikaidi dawa. Huo ndio kifua kikuu sugu. Mkulima anayepalilia nusu ya shamba na kuacha mizizi ya magugu ardhini anajua kitakachotokea mvua ikinyesha.

Kifua kikuu sugu hutibika, lakini kwa taabu zaidi. Nchini kwetu matibabu yake yalianza mwaka 2009 katika hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, na wagonjwa wa wakati ule walitibiwa kwa mwaka mmoja na nusu hadi miwili, pamoja na sindano za kila siku kwa miezi kadhaa. Siku hizi ziko dawa za kumeza zilizofupisha muda huo, na huduma imesogezwa katika mikoa. Hata hivyo ni heri kumaliza miezi sita ya kwanza. Tena aliyepata ugonjwa sugu huwaambukiza wenzake ugonjwa ambao tayari ni sugu.

Dawa zina maudhi yake. Rifampisini hugeuza mkojo kuwa na rangi ya machungwa. Hiyo si damu, usiogope. Kichefuchefu kidogo na maumivu ya viungo huweza kutokea. Lakini macho yakiwa ya manjano, ngozi ikitoka vipele vingi, au macho yakipungukiwa nuru, rudi kliniki siku hiyo hiyo. Usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe. Na pombe iwekwe kando kwa muda wote huo, maana ini haliwezi kubeba mizigo miwili.

SOMO LILILOTOKA TANZANIA

Huenda wengi hawajui kwamba dunia ilijifunza jambo hili kutoka kwetu. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma. Aliyeshirikiana na madaktari wetu ni Dakta Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia, ambaye alikuwa ameugua kifua kikuu yeye mwenyewe baada ya kufungwa katika kambi ya mateso ya Mauthausen wakati wa Vita Kuu ya Pili. Utaratibu wao ulikuwa wa kawaida kabisa: pima makohozi kwa hadubini, mwandike kila mgonjwa katika daftari, hakikisha dawa hazikosekani, awepo mtu wa kumwona mgonjwa akimeza, na mfuate mpaka amalize. Watu walishangaa kwamba nchi maskini iliweza. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mwaka 1993 kwamba kifua kikuu ni janga la dunia nzima, utaratibu huu ulikuwa mfano uliopelekwa katika nchi nyingine nyingi.

Vita haijaisha. Mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua duniani, na milioni 1.25 walikufa. Tanzania imo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu, ingawa makadirio ya wagonjwa wapya yameshuka kutoka zaidi ya 300 kwa kila watu 100,000 mwaka 2015 hadi chini ya 200 mwaka 2023. Kazi inaonekana, isiachwe njiani.

NENO KWA WAVUVI NA FAMILIA ZAO

Tuseme yuko baba mmoja anayevua dagaa. Giza la mwezi likiingia anakwenda kambini kisiwani, analala na wenzake kumi katika kibanda kimoja. Anagunduliwa kuwa na kifua kikuu, anaanza dawa akiwa nyumbani, na baada ya majuma matatu anajisikia ana nguvu. Giza limeingia, tajiri wa mtumbwi anamwita. Akienda bila dawa, amekata matibabu. Akikataa kwenda, watoto watakula nini?

Ndugu mvuvi, usichague kati ya dawa na kazi kabla hujasema na mhudumu wa kliniki. Mweleze wazi kwamba unahama. Anaweza kukuandikia barua ya kuhamia kituo kilicho karibu na kambi, au kupanga nawe siku za kuchukua dawa. Mbalamwezi inapokuja na mitumbwi inapopumzika, ndio wakati wa kurudi kliniki na kupima tena makohozi. Kadi yako ya matibabu itembee nawe kama wavu wako. Nanyi wenye mitumbwi, mfanyakazi anayetibiwa msimfukuze. Mwenye kuogopwa ni yule anayekohoa na kujificha.

WATOTO WETU

Mtoto apewe chanjo ya BCG mara anapozaliwa, ile inayoacha kovu begani. Chanjo hii ilianza kutumiwa mwaka 1921. Haizuii kila kifua kikuu, lakini huwakinga watoto wadogo na aina zake zinazoua upesi, hasa ile ya utando wa ubongo.

Mtoto mdogo hajui kutoa makohozi. Kwa hiyo mama aangalie: je, mtoto haongezeki uzito kliniki? Amepoteza uchangamfu? Ana kikohozi au homa zisizoisha? Je, kuna mtu mzima nyumbani anayetibiwa? Mtu mmoja akigunduliwa kuwa na kifua kikuu, wote wa nyumba hiyo waende kupimwa. Watoto walio chini ya miaka mitano ambao hawajaugua, na wanaoishi na virusi vya UKIMWI, hupewa dawa za kuzuia ugonjwa usiamke. Mama anayetibiwa anaweza kuendelea kumnyonyesha mtoto wake. Amwulize mhudumu juu ya kinga ya mtoto.

JUMUIYA IFANYE NINI?

Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga nyingine hazihitaji fedha:

1. Tufungue madirisha mchana. Anayejenga nyumba aweke madirisha mawili yanayoelekeana, hata kama ni ya matofali yenye matundu. Mbu wazuiwe kwa chandarua, si kwa kuziba hewa.

2. Sala za Jumuiya zifanyike uani au chini ya mwembe kila hali ya hewa inaporuhusu. Kwaya ifanye mazoezi penye hewa, kwa maana kuimba hutoa pumzi nyingi kuliko kusema.

3. Kila mtu akohoe akiziba mdomo kwa kitambaa au kiwiko. Asiteme makohozi ovyo. Ateme katika kikopo chenye mfuniko, kisha ayachome au kuyatupa chooni.

4. Mgonjwa alale peke yake, ikiwezekana, katika majuma ya kwanza ya dawa, na avae barakoa akiwa na watu ndani.

5. Kila mgonjwa awe na msimamizi mmoja wa kumwona akimeza dawa: mke, mume, mama wa WAWATA, kijana wa VIWAWA au jirani. Kazi yake ni kukumbusha, kutia moyo, na kutoa taarifa dozi ikikosekana.

6. Tumsaidie mgonjwa chakula. Si lazima nyama. Dagaa, maharage, karanga, mayai, maziwa yaliyochemshwa na mboga za majani vinajenga mwili. Wengi huacha dawa kwa sababu wanaimeza kwenye tumbo tupu. Ndoo moja ya unga kutoka Jumuiya inaweza kuokoa matibabu ya miezi sita.

7. Tusinong'one. Mgonjwa wa mapafu asiyetibiwa anaweza kuwaambukiza watu 10 hadi 15 kwa mwaka, na karibu nusu ya wasiotibiwa hufa. Lakini waliotibiwa vizuri, zaidi ya 85 katika kila 100 hupona. Anayemfanya mgonjwa ajifiche kwa aibu anaulinda ugonjwa.

TUMKUMBUKE MTAKATIFU TERESA

Katika makanisa yetu mengi iko picha ya Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, msimamizi wa misioni, amebeba msalaba na maua ya waridi. Alikufa kwa kifua kikuu tarehe 30 Septemba 1897, akiwa na umri wa miaka 24. Wakati ule Koch alikuwa amekwisha kukigundua kijidudu, lakini dawa haikuwepo; ya kwanza iliyofaa ilipatikana katika miaka ya 1940. Ni nani atakayethubutu kusema kwamba Teresa aliugua kwa sababu ya dhambi zake? Basi tusimseme hivyo na jirani yetu. Na dawa ambayo Teresa hakuipata, leo iko zahanati, bure.

Kwa hiyo, Jumuiya itakapokutana tena juma hili na yule ndugu akakohoa, sala ikiisha tumwendee kwa upole. Tumwambie: "Kaka, kikohozi hiki kimekaa sana. Kesho asubuhi nitakusindikiza zahanati." Tena tumsindikize kweli.

Mungu awabariki, na awajalie afya njema nyumbani mwenu.